Ndoano hii ni ya nani? Barua ya wazi kwa wasimamizi wa gesi ya baharini

Kwenu Waheshimiwa:
Waziri wa Nishati wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania;
Waziri mwenye dhamana ya mafuta na gesi asilia, Serikali ya Mapinduzi Zanzibar;
Waziri wa Uchukuzi;
Wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Nishati na Madini.

Nawasalimu kwa heshima kutoka Mikindani.

Nimefanya kazi ya usalama kwenye boti za huduma kwa miaka mingi. Ni zile boti zinazotoka gati ya Mtwara zikiwa zimebeba mabomba, tope la kuchorongea, maji ya kunywa, mchele na vitunguu, kuwapelekea watu walio kwenye meli za kuchoronga visima mbali na nchi kavu. Kuanzia mwaka 2010, gesi ilipoanza kugunduliwa kwenye kina kirefu, mji wetu ulijaa wageni na ahadi. Visima vilipewa majina tunayoyajua jikoni: Pweza, Chewa, Jodari, Zafarani, Tangawizi. Wengi wenu mmesoma taarifa za visima hivyo. Mimi nimewapandisha watu waliovichimba kwenye ngazi ya kamba, usiku, bahari ikiwa imechafuka, nikiwashika mkono mmoja mmoja.

Nawaandikia juu ya ndoano.

Boti ya uokoaji ya meli huning'inia ubavuni kwa ndoano mbili, moja mbele na moja nyuma. Meli ikishika moto watu huingia ndani, boti hushushwa, ikigusa maji mtu mmoja huvuta wenzo na ndoano zote mbili huachia kwa pamoja. Ikiachia mapema, boti inaanguka na watu ndani yake. Ikigoma, watu wananing'inia pembeni mwa meli inayoungua. Ndiyo maana ndoano hiyo inatakiwa ifunguliwe, isafishwe na ijaribiwe na fundi mwenye cheti, na karatasi yake iwe na tarehe.

Masika moja boti yetu ilikuwa imefunga gati wiki nzima. Jumatatu walikuja wakaguzi watatu wa ofisi moja ya serikali. Jumatano wakaja wawili wa ofisi nyingine. Ijumaa akaja mmoja wa ofisi ya tatu, peke yake, akiwa na haraka kwa sababu gari lilikuwa linamsubiri. Wote walikuwa watu wastaarabu na nilikunywa chai nao. Na wote walianza mahali pamoja: mitungi ya kuzimia moto. Mkaguzi anaunyanyua mtungi, anasoma tarehe, anaupindua, anabandika stika ya ofisi yake, anaandika. Mtungi wa jikoni ulifikisha stika nne. Jioni ya Ijumaa nilimkuta mpishi wetu akizibandua kwa ncha ya kisu ili asome maelekezo ya kuvuta pini yaliyokuwa yamefunikwa.

Karatasi ya ndoano ilikuwa imepitwa na wakati kwa miezi mitano. Mimi nilijua, nahodha alijua. Mwenye boti alikuwa ameshatuambia kwamba atamwita fundi pale mkaguzi atakapoandika, kwa kuwa fundi wa kazi hiyo anatoka mbali na bei yake si ndogo. Kwa hiyo niliwauliza wakaguzi. Wa kwanza akasema hilo ni la wenzetu wa vyombo. Wenzetu wa vyombo wakasema boti hii ina bendera ya nje, cheti chake kinamhusu aliyeisajili. Wa Ijumaa akasema yeye anaangalia mahali pa kazi, na boti ya uokoaji si mahali pa kazi mpaka watu waingie. Niliyaandika majibu yote matatu kwenye daftari langu, na tarehe zake, na daftari ninalo.

Wiki iliyofuata tulifanya zoezi hapo hapo bandarini. Mabaharia wawili waliingia, tukashusha. Ndoano ya mbele ikaachia, ya nyuma ikagoma. Boti ikainama, pua majini na tako juu, vijana wakijishika kwenye mikanda na maji yakiingia miguuni mwao. Ilituchukua kama dakika ishirini kuwatoa. Hakuna aliyeumia kwa sababu palikuwa bandarini, mchana, maji yametulia. Nahodha wetu, mzee wa Kipemba, alikaa kimya hadi vijana walipopanda. Kisha akasema: "Tumefundishwa kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa hata nahodha hayupo. Wote ni abiria wenye mihuri."

Waheshimiwa, barua yangu yote imo katika kauli hiyo. Wenye biashara wakija kwenu hulalamikia wingi wa ofisi kwa sababu ya tozo, kumbukumbu namba za malipo zisizokwisha, na siku zinazopotea. Wana haki yao, na kwa kampuni ndogo ya mzawa mzigo huo ni wa kweli: anayetaka kuuza huduma zake kwenye gesi hujisajili kwenye kanzidata ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na pia kwenye ile ya PURA, mamlaka ya udhibiti wa mkondo wa juu wa petroli, akipeleka nyaraka zile zile. Lakini mimi silii tozo. Ninacholilia ni kwamba ofisi nyingi zikipewa chombo kimoja bila kugawana kazi kwa maandishi, zote hukagua kilicho rahisi kuonekana, na kilicho kigumu kila moja humwachia mwenzake. Mwingiliano wa mamlaka huacha tundu katikati, na watu huzama kupitia tundu hilo.

Sheria ya Petroli ilipitishwa Julai 2015 kwa hati ya dharura, pamoja na nyingine mbili za sekta hiyo hiyo kwenye mkutano ule ule wa Bunge. Iliigawa kazi kama mto: mkondo wa juu, yaani kutafuta na kuchimba, ukapewa PURA; mkondo wa kati na wa chini, yaani kusafisha, kusafirisha na kuuza, ukabaki kwa EWURA; na TPDC likawa shirika la taifa la mafuta. Kwenye karatasi mgawanyo huo unapendeza. Sasa twende nao Songo Songo, kisiwani Kilwa, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974 na imekuwa ikitumika Dar es Salaam tangu 2004. Kisima ni cha PURA. Mtambo wa kusafisha gesi ni wa EWURA. Baadhi ya visima viko majini, hivyo boti inayompeleka fundi huko ni ya TASAC, shirika la uwakala wa meli. Fundi mwenyewe, afya yake na viatu vyake, ni wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Kemikali alizobeba ni za Mkemia Mkuu wa Serikali. Kifaa chake cha kupimia kisima kikiwa na chanzo cha mionzi, ni cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Redio anayoitia ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Taka anazorudi nazo ni za NEMC, baraza la mazingira. Na mvuvi anayepita pembeni akimpungia mkono yuko chini ya sheria za uvuvi, na kama ni Msimbati au Mafia, chini ya hifadhi ya bahari pia.

Sisemi hata moja kati ya ofisi hizi ifutwe. Mtu wa mionzi anajua mionzi, na sitaki anayejua mitungi ya moto aje kunidanganya juu yake. Swali langu ni jingine: kisima, mtambo, boti, fundi na kemikali vikikutana mahali pamoja saa nane ya usiku, nani ana jicho la kuviona vyote kwa pamoja? Nani ana mamlaka ya kusema simamisha kazi, na akisema hakuna wa kumwuliza wewe ni ofisi gani?

Ajali kubwa za baharini hutokea pale vitu vinapokutana. Mwaka 1988 Uingereza ilikuwa na mtambo katika Bahari ya Kaskazini ulioitwa Piper Alpha. Mchana wa 6 Julai pampu moja ilisimamishwa kwa matengenezo. Vibali vya kazi vilikuwa viwili: kimoja cha pampu yenyewe, kingine cha vali yake ya usalama, ambayo ilikuwa imeng'olewa na mahali pake pakazibwa kwa kifuniko cha chuma kisichokazwa vizuri. Vibali hivyo havikuwekwa pamoja. Usiku pampu ya pili ikazima. Watu wa zamu wakatafuta karatasi, wakaona kibali cha pampu, hawakuona cha vali. Wakaiwasha. Gesi ikavuja, ikalipuka, na mitambo jirani iliyounganishwa nayo kwa mabomba ikaendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea motoni kwa sababu kila mmoja alikuwa akisubiri neno la mwingine. Watu 167 walikufa. Karatasi mbili sahihi, kila moja mahali pake.

Jaji Lord Cullen aliyechunguza ajali hiyo alitoa mapendekezo 106. Mojawapo lilikuwa kwamba usalama wa mitambo ya baharini usimamiwe na chombo kimoja, na chombo hicho kisiwe ile wizara ya nishati iliyokuwa na hamu ya kuona mafuta yakitoka. Waingereza wakaufuata ushauri huo, wakahamishia kazi kwa mamlaka yao ya afya na usalama kazini.

Wamarekani walijifunza baadaye. Tarehe 20 Aprili 2010 kisima cha Macondo kililipuka katika Ghuba ya Mexico chini ya mtambo wa Deepwater Horizon. Watu 11 wakafa, na zikapita siku 87 hadi kisima kuzibwa. Walinzi wa pwani walisimamia chombo, ofisi nyingine ilisimamia uchorongaji, na chombo chenyewe kilikuwa na bendera ya Visiwa vya Marshall. Ofisi hiyo ya uchorongaji ndiyo iliyokuwa ikigawa vitalu, yaani maeneo ya kutafuta mafuta na gesi, na kukusanya mapato yake, halafu ndiyo hiyo hiyo iliyotakiwa kuwazuia wenye vitalu wasifanye uzembe. Waliivunja, wakaigawa mara tatu. Hata ripoti ya uchunguzi wa pamoja ilitoka juzuu mbili, kila ofisi na ya kwake. Australia nao, baada ya kisima cha Montara kumwaga mafuta kwa zaidi ya wiki kumi mwaka 2009, waliunda mamlaka moja ya usalama na mazingira ya baharini iliyoanza Januari 2012.

Hao wote waliumia kwanza, wakapanga baadaye. Sisi bado tuna nafasi ya kupanga kabla.

Na haraka ipo. Nchi inatajiwa futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi, na trilioni 47.13 kati ya hizo ziko bahari ya kina kirefu, kwingine maji yakizidi mita 2,000. Mazungumzo ya kiwanda cha LNG, yaani gesi iliyogeuzwa kimiminika, cha Likong'o, Lindi, yanahusu mradi wa zaidi ya dola bilioni 40. Siku utakapoanza, bahari hii tunayoiona tupu itajaa: meli za kuchoronga, za kulaza mabomba, za kusafirisha gesi iliyopoozwa ikawa kimiminika, kwenye nyuzi kama 160 chini ya sifuri. Leseni ya Songo Songo iliyotolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25 inafika ukomo wake Oktoba 2026, na visima vya zamani vinahitaji mtu wa kuvijibia hata mwenye leseni akibadilika. Ndoano moja iliyonisumbua mimi itakuwa ndoano mia.

Kuna jambo ambalo watu wa bara hulisema kwa kunong'ona na wa visiwani hulisema kwa hasira, nami nitalisema kwa sauti ya kawaida. Mafuta na gesi asilia yamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano katika Katiba ya 1977. Sheria ya 2015 ikaiachia Zanzibar isimamie yake, na Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake mwaka 2016, likaanzisha mamlaka ya udhibiti, ZPRA, na kampuni ya mafuta, ZPDC. Oktoba 2018 Zanzibar ikatia saini mkataba wa kitalu cha Pemba na Unguja na kampuni ya RAK Gas. Machi 2024 ikatangaza vitalu vinane vya baharini. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Wazanzibari wana haki ya kunufaika na kilicho chini ya maji yao, na waliidai kwa miaka mingi.

Lakini mafuta yakimwagika hayaulizi sheria ipi. Mkondo wa Pemba unakwenda kaskazini, upepo wa kusi unausukuma, na kilichoanzia upande mmoja kinaamkia upande mwingine. Zidisheni orodha niliyoitaja pale Songo Songo mara mbili: PURA na ZPRA, TASAC na mamlaka ya usafiri baharini ya Zanzibar, NEMC na mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Katika miaka yangu yote ya kupita kati ya Mafia, Unguja na Pemba, sijawahi kuonyeshwa ramani inayosema hapa ofisi hizi zinakoma na zile zinaanza.

Tulishaonja uchungu wa jambo hili kwa vyombo vya abiria. MV Skagit ilisajiliwa Zanzibar, ikapakia Dar es Salaam, ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012. Watu zaidi ya 100 walipotea, wengine walikuwa watoto wanaokwenda kwa bibi zao. Baada ya mazishi mjadala mkubwa ukawa ni wa mamlaka gani ya upande upi ilitakiwa kuizuia. Najua familia ambazo mpaka leo hazijapata jibu la swali hilo.

Nanyi mnajua kwamba inawezekana kufanya vingine, kwa sababu tayari mmefanya. Jodari, yule samaki mwenyewe, ana mamlaka moja. Uvuvi wa bahari kuu unasimamiwa na chombo kimoja cha pande zote mbili, makao yake yakiwa Zanzibar, na sheria yake ya kwanza ni ya mwaka 1998. Meli ya kigeni ikitaka kuvua katika ukanda wetu wa kiuchumi haiulizwi iende bara au visiwani. Kama tuliweza kukaa chini tukakubaliana juu ya jodari anayeogelea, sioni kwa nini tusikubaliane juu ya usalama wa watu wanaochoronga kisima cha jina lake.

Vivyo hivyo kwa ofisi za bara. Mwaka 2019 kazi ya kudhibiti usalama wa chakula iliondolewa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikapelekwa TBS, shirika la viwango, ili mwenye kiwanda cha juisi asikaguliwe na wawili kwa chupa moja. Serikali yenyewe, kwenye mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule MKUMBI ulioanza kutekelezwa Julai 2019, ilikiri kwamba wadhibiti wanaingiliana, ikaanza kufuta tozo. Tulishukuru. Ila mpango ule uliangalia zaidi mfuko wa mfanyabiashara, na aliyekuwa akining'inia kwenye ndoano hakuwa na wa kumsemea.

Niwaeleze na la mjomba wangu, kwa kuwa ofisini kwenu wavuvi hawafiki.

Mjomba alivua kwa nyavu hapa Mikindani maisha yake yote. Miaka michache kabla hajafariki alirudi asubuhi moja na nyavu zilizoganda mabonge meusi, laini kama lami iliyoanikwa juani, yenye harufu ya gereji. Huenda yalitoka kwenye meli iliyopita mbali ikasafisha matangi yake. Huenda yalitoka kwingine. Yeye hakumshuku mtu, alitaka tu ajulishe. Nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki. Ofisi ya kwanza ikasema mafuta ya meli ni ofisi ya pili. Ya pili ikasema kama si meli bali kisima, ni ya tatu. Ya tatu ikasema mpaka yapimwe maabara ijulikane ni ya nini, na anayepeleka maabara ni ya nne. Ya nne walikuwa semina. Mjomba alikuwa amebeba bonge moja ndani ya kopo la maziwa ya unga, kalifunga kwa kitambaa. Tuliporudi aliliweka dirishani. Nyavu akazichoma, kwa sababu hazikusafishika, na msimu ule alivua kwa kuazima.

Kopo lile lilikaa dirishani mpaka alipokufa. Nililitupa siku ya kufagia nyumba baada ya arobaini, na nimejuta.

Sasa niseme ninachoomba.

Kwanza kabisa naomba hati moja ya makubaliano kati ya ofisi zote hizi, za pande zote mbili za Muungano, isiyoandikwa kwa maneno ya jumla ya kushirikiana na kushauriana. Iandikwe kifaa kwa kifaa. Ndoano ya boti ya uokoaji: ofisi fulani. Kizuizi cha mlipuko kinachokaa juu ya mdomo wa kisima: ofisi fulani. Bomba la mpira la kuhamishia mafuta kati ya boti na meli: ofisi fulani. Kila kifaa kiwe na mwenyewe mmoja, na jina la ofisi hiyo likae kwenye jedwali ambalo baharia anaweza kulisoma. Liwe kwa Kiswahili, kwa kuwa wanaoning'inia wengi wao wanaomba Mungu kwa Kiswahili. Litangazwe, lisifungiwe kabatini.

Ukaguzi nao ufanyike kwa pamoja. Kila mtambo na kila chombo kiwe na faili moja na kalenda moja, ofisi zote zije siku moja, na msafara uwe na kiongozi mmoja mwenye nguvu ya kusimamisha kazi. Kiongozi huyo asitoke kwenye meza inayonadi vitalu. Nasema hili kwa heshima kwa watu wa PURA, ambao wengi wao ni vijana wasomi na waaminifu: sheria imewapa kazi ya kuishauri Serikali kwenye mikataba, na wanashika duru ya kunadi vitalu, na pia wanatakiwa kusimamia usalama. Anayemtafuta mwekezaji kwa taa asubuhi hawezi kumfungia kisima jioni kwa moyo mweupe. Kiongozi wa usalama awajibike Ofisi ya Waziri Mkuu, ambako shughuli za maafa tayari zipo, na kwa upande wa Zanzibar awe na mwenzake wanaofanya naye kazi kwa hati moja, kama ilivyo kwa uvuvi wa bahari kuu.

Katika saa ya kwanza ya dharura amri iwe na sauti moja. Kimbunga Kenneth kilipotusogelea Aprili 2019, na Hidaya kilipopiga Mafia Mei 2024, taarifa za upepo zilitoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, na watu walijua wamsikilize nani. Hapakuwa na mamlaka mbili za mvua. Kisima kikilipuka kilomita 100 kutoka pwani, nani atasema meli ziondoke, nani atawaita wanamaji, nani ataufunga uvuvi, nani atasema na vyombo vya habari? Kama jibu lipo, lifanyiwe zoezi, na zoezi liwahusishe wavuvi wa Msimbati, Songo Songo, Kojani na Mkoani, kwa maana wao ndio watakaofika kwanza kwa ngalawa na mashua zao. Ndivyo walivyofika kwenye meli zilizozama huko nyuma.

Mwisho, namba moja ya simu. Mvuvi akiona lami majini apige hiyo, na anayepokea asiwe na ruhusa ya kusema hilo si letu. Hii haihitaji bajeti kubwa wala sheria mpya.

Najua mtaambiwa kwamba mambo haya yameshazungumzwa kwenye vikao, na kwamba ziko rasimu. Yawezekana. Nawaomba kitu kidogo kuliko kikao. Njooni Mtwara wakati wa kusi, boti za huduma zinapokimbilia gatini. Chagueni moja, pandeni, simameni chini ya boti ya uokoaji. Waiteni wakaguzi wa kila ofisi wasimame pamoja nanyi, wa bara na wa visiwani. Muwaonyeshe ndoano ya nyuma, mmuulize kila mmoja wao kwa zamu: hii ni ya nani? Mimi nitakuwepo na daftari langu. Mkipata jibu moja, nitalifunga.

Wenu katika utumishi,

Afisa usalama wa boti za huduma,
Mikindani, Mtwara